Dakika 16,777,216

Mlio karibu na kalamu ishikeni, maana asubuhi hii nimekuja na namba moja: milioni kumi na sita, laki saba, elfu sabini na saba, mia mbili na kumi na sita. Kwa tarakimu ni 16,777,216. Iwekeni hapo kwenye karatasi. Tutairudia mpaka mtuchoke, mimi na yenyewe.

Nilifahamiana nayo Tura. Kwa asiyepajua, Tura iko wilaya ya Uyui, mkoa wa Tabora, kwenye njia ya misafara ya zamani iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji. Msafara ukishaiacha Ugogo uliingia Mgunda Mkali, pori la siku nyingi, maji ya shida na vijiji vya kuhesabu kwa vidole. Walionusurika wakatokea upande wa pili, na hapo Unyamwezi ilianzia Tura. Mwingereza Richard Burton, aliyepita mwaka 1857, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni amri: tua. Tua mzigo. Mpagazi alikuwa na frasila mbili begani, karibu kilo 32, na kwa neno hilo akazishusha. Nimetembea sehemu nyingi za nchi hii, sijaona mahali pengine palipopewa jina la pumzi ya mtu aliyechoka.

Basi miezi ya mwisho ya mwaka 2024 nilikuwa pale, nimekaa kwenye benchi la duka la mama mmoja anayeuza sukari, sabuni na asali ya chupa. Uniti za umeme zilikuwa zimemwishia. Friji imenyamaza, soda zimeanza kupata joto. Akanunua umeme wa shilingi elfu tano kwa simu, ujumbe ukaingia, akautazama, kisha akanisukumia simu.

"Mwanangu, nisomee. Macho yangu na hizi namba hayapatani."

Nikatazama. Tumezoea tarakimu 20. Hapa palikuwa na makundi matatu, kila kundi tarakimu 20, jumla 60.

"Mama, namba ziko tatu."

"Tatu za nini? Mimi nimenunua umeme, sikununua hesabu."

Mimi nikawa nasoma, yeye anabonyeza kwenye kile kirimoti cha LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, kwa kidole gumba, taratibu, kama anayepanda mbegu. Kundi la kwanza likakubaliwa. La pili nikasoma 6 mahali pa 9 (simu ilikuwa na ufa kwenye kioo, niacheni nijitetee) na mita ikakataa. Tukarudia. La tatu likaingia, taa ikawaka, friji ikaguna. Mama akanipa soda yenye uvuguvugu kwa kunishukuru, akauliza: "Sasa zile mbili za kwanza zilikuwa za kazi gani?"

Nilimjibu kivivu: "Maboresho ya mita, mama," kama matangazo yalivyokuwa yakisema. Jibu hilo si la uongo, ila halishibishi. Leo nalipa deni.

Ukinunua umeme wa LUKU, zile tarakimu 20 unazopewa, yaani tokeni, zina mambo kadhaa ndani yake, yamefumbwa kwa ufunguo wa mita yako tu. Kuna kiasi cha umeme ulionunua. Kuna alama za kukagua makosa. Ndizo zilizonikamata niliposoma 6 kwa 9. Namba iliyokosewa ikijaribu kupita kwa bahati tu, ina nafasi moja katika 65,536. Na kuna saa: kila tokeni ya umeme hubeba dakika ilipotengenezwa. Mita haihitaji kujua leo ni tarehe ngapi. Inachofanya ni kukumbuka dakika za tokeni zilizokwisha kuingia, ili mtu asije akaingiza ileile mara mbili, au akaokota risiti ya mwaka juzi akajaribu bahati.

Dakika hizo zinahesabiwa tangu lini? Tangu Januari 1, 1993. Utaratibu huu ulianzia Afrika Kusini, ukaenea Kenya, Uganda, kwetu na nchi nyingine nyingi. Waliouunda wakaitengea dakika nafasi 24. Hapa ndipo namba yetu inapozaliwa, kwa hiyo twende polepole.

Mita haina vidole kumi. Inahesabu kwa nafasi zenye hali mbili tu, tuseme taa: imewaka au imezimika. Taa moja ina hali 2. Taa mbili zina hali 4. Taa tatu, hali 8. Kila taa unayoongeza, idadi inajirudufu. Jambo hili si geni kwenye njia ya misafara: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, shuka mbili ni doti. Mfanyabiashara wa zamani alitembea na kurudufu kwenye mikono yake. Ukirudufu mara 24, kuanzia 1, unafika 16,777,216.

Maana yake, saa hiyo ingeweza kuhesabu dakika 16,777,216 tu, kuanzia sifuri hadi 16,777,215. Baada ya hapo taa zote 24 zikiwa zimewaka, dakika inayofuata zinazimika zote kwa pamoja. Mnakumbuka magari ya zamani, kipimo cha kilometa kilipofika 99999 kikarudi 00000, na mwenye gari akaanza kulitangaza kuwa jipya? Ni hivyo hivyo. Mita ingepokea tokeni mpya yenye dakika ndogo, ingelinganisha na zile ilizozikumbuka, ingeona ni ya kale, ingeikataa. Fedha umelipa, giza unalo.

Ukizigeuza dakika hizo kuwa siku, unapata siku 11,650 na kitu, karibu miaka 32. Burton alitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, Tabora ya leo. Safari kama ile zingeingia karibu 87 ndani ya saa ya mita, moja nyuma ya nyingine, bila kupumzika. Miaka ile ya mwanzo nani angejali? Mwaka 1993 ulikuwa mbali na 2024 kama Bagamoyo ilivyo mbali na Ujiji. Lakini namba nzima, hata iwe kubwa vipi, ina mwisho wake. Siku ya mwisho ilikuwa Jumapili, Novemba 24, 2024, na ndiyo sababu TANESCO, shirika letu la umeme, iliwahimiza wateja wote waingize zile namba kabla ya tarehe hiyo.

Hapo ningeweza kuishia, ingawa habari ya mita nimeimaliza nusu tu. Ila namba yenyewe imenishika. Tangu siku ile nimekuwa nikiigeuza kama mtu anavyogeuza kete mkononi.

Kete, naam. Chukua bao. Safu nne, mashimo manane kila safu, jumla 32. Weka kete 1 shimo la kwanza, 2 la pili, 4 la tatu, 8 la nne, uendelee kurudufu. Ukimaliza safu ya kwanza, shimo la nane lina 128, bado unatamba. Mwisho wa safu ya pili, shimo la 16 lina 32,768, na majirani wameanza kukusanyika. Mwisho wa safu ya tatu, shimo la 24 lina 8,388,608. Sasa unaingia safu ya nne, shimo la kwanza kabisa, la 25. Humo ndimo inamokaa 16,777,216.

Lakini tazameni jambo moja. Zoa kete zote za safu tatu za kwanza, mashimo yote 24, uzihesabu. Utapata 16,777,215. Safu tatu nzima zimepungukiwa na kete moja tu kulifikia shimo moja la safu ya nne! Moja tu. Na si bahati. Ukirudufu, kila shimo jipya huwa sawa na jumla ya yote yaliyotangulia, na kete moja juu. Aliyekuwa akicheza kamari ya kurudufu dau anaijua hesabu hii kwa machozi: akishinda baada ya kushindwa mara 24, faida yake yote ni shilingi moja.

Walimu wa hesabu watasema jambo hilohilo kwa lugha yao. Vigawo vya 16,777,216, yaani namba zinazoigawa bila kubakiza, ni zilezile zilizokuwa kwenye mashimo: 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, vyote 25 ukiihesabu na yenyewe. Ukivijumlisha vigawo vyake bila yenyewe unapata namba hiyo kasoro moja. Namba ambayo jumla ya vigawo vyake inalingana nayo sawasawa, kama 6 (1 na 2 na 3), tangu zama za Wagiriki inaitwa timilifu. Yetu imeukosa utimilifu kwa kete moja.

Sasa tuigawe. Ni mchezo mzuri wa watoto wenye kikokotoo cha simu. Gawa 16,777,216 kwa watu 3: kila mmoja 5,592,405, inabaki 1. Gawa kwa 5: kila mmoja 3,355,443, inabaki 1. Kwa 7: 2,396,745, inabaki 1. Kwa 9, inabaki 1. Kwa 13, moja. Kwa 17, moja. Nilipofika hapo usiku ule Tura nilidhani kikokotoo kimeharibika. Nikajaribu 11, ikabaki 5, roho ikatulia.

Sababu yake ni ya sokoni. Kila mgawanyo una mzunguko wake, kama magulio. Anza na 1, urudufu, na kila mara angalia baki ya kugawa kwa 7: 1, 2, 4, halafu tena 1. Baada ya kurudufu mara tatu umerudi nyumbani. Kwa 3, unarudi baada ya mara mbili. Kwa 5, mara nne. Kwa 9, mara sita. Kwa 17, mara nane. Kwa 13, mara kumi na mbili. Gulio hili kila siku ya pili, lile kila ya tatu, lingine ya nne, ya sita, ya nane, ya kumi na mbili: siku ya 24 yote yanaangukiana. Kumi na moja gulio lake ni kila siku ya kumi, kwa hiyo siku ya 24 halipo. Ndiyo maana ukiitoa ile kete moja iliyozidi, 16,777,215 inagawanyika kwa hao wote bila ugomvi. Ni zao la 9, 5, 7, 13, 17 na 241. Namba mbili zimekaa kitanda kimoja. Mmoja hakubali kugawanywa na yeyote ila mbili na uzao wa mbili, jirani yake anagawia karibu kila anayebisha hodi.

Ukarimu huo wote unatoka kwenye 24, ambayo yenyewe ina vigawo vingi kuliko namba yoyote iliyo ndogo kuliko yenyewe. Ndizo saa za siku nzima, na sidhani waliozigawa siku hivyo walikosea. Kwa sababu ya 24, namba yetu ina sura nyingi. Ni 4,096 mara 4,096. Ni 256 ikizidishwa yenyewe mara tatu. Ni 64 nne zikizidishwa, na 64 ndiyo idadi ya kete za bao zima. Ni 16 sita, ni 4 kumi na mbili, ni 2 ishirini na nne. Na ninayoipenda kupita zote: ni nane nane. Andika 8, mara nane, zizidishe. Sikukuu ya wakulima imo humo, ingawa najua hiyo ni ya kalenda.

Ile sura ya 256 mara tatu mnaitazama kila siku. Kioo cha simu hutengeneza rangi kwa kuchanganya nyekundu, kijani na bluu, kila moja kwa viwango 256. Zidisha, unapata rangi 16,777,216. Ndizo zile "rangi milioni 16.7" zinazoandikwa kwenye maboksi ya televisheni. Simu ya yule mama, pamoja na ufa wake, ilikuwa na rangi nyingi sawasawa na dakika za mita yake.

Anayetaka kuushika uzito wa namba hii kwa mkono, achukue mahindi. Punje moja tuifanye theluthi ya gramu, pungufu kidogo, gramu 0.3. Punje 16,777,216 zitazidi tani 5. Kwa frasila mbili mbili, huo ni msafara wa wapagazi wapatao 158. Mtu mmoja hauwezi.

Na hapo ndipo narudi kwa mama na zile namba mbili.

Dawa ya saa iliyojaa ilikuwa kuipa mita ufunguo mpya, pamoja na tarehe mpya ya kuanzia kuhesabu. Lakini ufunguo huo una urefu wa nafasi 64, na tokeni moja, ikishatoa nafasi za kazi zake nyingine, haiwezi kuubeba. Wakafanya walivyofanya wapagazi kwa mzigo usiobebeka na mmoja: waliugawa. Nusu ya kwanza ya ufunguo, nafasi 32, ikapanda kwenye tokeni ya kwanza. Nusu ya pili, nafasi 32, kwenye tokeni ya pili. Zote mbili zikishafika, mita inaunganisha, inasahau dakika zote za zamani zilizohesabiwa tangu 1993, na inaanza hesabu nyingine. Tokeni ya tatu ndiyo umeme wenyewe. Mama, popote ulipo, kazi ya zile mbili ilikuwa hiyo. Mita yako iliambiwa: tua.

Nina jambo moja dogo la kuwaachia wenye risiti za LUKU kwenye droo. Tokeni nzima ina nafasi 66. Ukirudufu mara 66 unapata 73,786,976,294,838,206,464, na hakuna tokeni inayoweza kufika hapo. Hiyo ni namba ya tarakimu 20 inayoanza na 7. Kwa hiyo tokeni yako inaweza kuanza na 0, 1, 2, 3, 4, 5, 6 au 7. Haiwezi kuanza na 8 wala 9. Fungueni jumbe zenu za zamani mtazame. Na mtu akikutumia umeme wa bure unaoanza na 9, usipoteze muda wako kuubonyeza.

Kuhusu saa mpya, waliipa tarehe ya kuanzia Januari 1, 2014, wala si siku ile mama alipobonyeza. Kwa hiyo ilipoanza kazi ilikuwa imeshakula karibu dakika milioni 5 na laki 7. Nafasi zake ni zilezile 24, kikomo ni kilekile. Nimehesabu mara mbili ili nisiwadanganye, nikaweka na miaka mirefu yote nane. Taa zake zote zitazimika tarehe 24 Novemba 2045. Itakuwa Ijumaa.